Historia ya Mafunzo ya Ufuatiliaji wa Maji ya Mvua Mijini na Uchambuzi wa Data za Ubora wa Maji Nchini Marekani, 1972–2020

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wataalamu wa kupima maji ya mvua yatiririkayo mijini, na wa kuchambua data zitokanazo na vipimo hivyo, walivyoandaliwa nchini Marekani kuanzia Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972. Hoja kuu ni kwamba, katika vipindi vyote vilivyochunguzwa, sheria na vifaa vilitangulia, ilhali mafunzo ya watu yalifuata baada ya data kushindwa kujibu swali lililokusudiwa. Hoja hiyo inajengwa kwa kuangalia mpango wa kitaifa wa utafiti wa 1978–1983, kanuni za vibali za mwaka 1990, mgogoro wa sampuli za metali zilizochafuliwa na wapimaji wenyewe, mjadala wa kitakwimu kuhusu viwango visivyogundulika maabara, na hatua ya jimbo la California ya kuingiza sifa za mtaalamu ndani ya masharti ya kibali. Makala yanahitimisha kwamba kuchota sampuli na kuichambua ni kazi moja, na kwamba gharama ya kuzitenganisha hulipwa na mto pamoja na watu wanaoutegemea.

1.0 Utangulizi

Mvua inaponyesha mjini, sehemu kubwa ya maji haipati nafasi ya kunyonywa na udongo. Huanguka juu ya mabati, lami na zege, hukumba mafuta ya magari, vumbi la breki na matairi, mbolea za bustani na kinyesi cha wanyama, kisha huingia mitaroni. Pale ambapo mitaro ya mvua imetenganishwa na mabomba ya majitaka, maji hayo hufika mtoni, ziwani au baharini bila kupitia mtambo wa kusafishia. Uchafuzi wa aina hii hutofautiana na ule wa bomba la kiwanda kwa jambo moja la msingi: hautokei kwa ratiba. Bomba la kiwanda linaweza kupimwa saa nne asubuhi ya siku yoyote ya kazi. Mtaro wa mvua hupimika pale tu mvua inaponyesha, pengine usiku wa manane, na ndani ya saa moja hali ya maji yake huweza kubadilika mara kadhaa.

Kutokana na hali hiyo, tarakimu inayoandikwa katika taarifa ya ubora wa maji ya mvua hubeba ndani yake maamuzi mengi yasiyoonekana: ni mvua ipi iliyochaguliwa, maji yalichotwa dakika ya ngapi, chupa ilishikwa na nani, sampuli ilikaa muda gani kabla ya kufika maabara, na mchambuzi alifanya nini na matokeo yaliyorejea yakiwa na alama ya "chini ya." Historia ya udhibiti wa uchafuzi wa maji nchini Marekani husimuliwa zaidi kupitia wabunge, mahakimu, wahandisi na wanaharakati. Makala haya yanamfuata mtu wa chini yao, yaani mchota sampuli na mchambuzi wa data, na kuuliza ni lini, kwa nini na kwa gharama ya nani ilionekana kuwa lazima afundishwe.

2.0 Sheria Bila Wapimaji, 1972–1977

Tarehe 18 Oktoba 1972 Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho makubwa ya sheria ya udhibiti wa uchafuzi wa maji, likipuuza kura ya turufu ya Rais Richard Nixon. Sheria hiyo, iliyokuja kujulikana kama Sheria ya Maji Safi, ilipiga marufuku umwagaji wa vichafuzi kutoka chanzo mahususi kwenda katika maji ya taifa bila kibali. Usimamizi wake ulikabidhiwa Shirika la Ulinzi wa Mazingira (EPA), ambalo wakati huo lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili tangu kuanzishwa kwake Desemba 1970.

Kwa tafsiri ya maneno ya sheria, mtaro wa mvua wenye mdomo unaomwaga maji mtoni ni chanzo mahususi sawa na bomba la kiwanda. Hata hivyo, mwaka 1973 EPA ilitoa kanuni zilizoiondoa mitaro mingi ya mvua katika sharti la kibali, kwa hoja kwamba idadi ya vibali ingekuwa kubwa kupita uwezo wa shirika, na kwamba viwango vilivyobuniwa kwa maji ya viwandani havikufaa kwa maji yanayokuja na kuondoka na mvua. Shirika lisilo la kiserikali la NRDC lilipinga msamaha huo mahakamani. Mwaka 1975 mahakama ya wilaya mjini Washington iliamua kwamba EPA haikuwa na mamlaka ya kuondoa kundi zima la vyanzo katika mfumo wa vibali, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa iliuthibitisha uamuzi huo katika shauri la NRDC dhidi ya Costle.

Uamuzi huo ulimaliza ubishi wa kisheria lakini ukaufichua ubishi wa kitaalamu. Ilikuwa wazi sasa kwamba maji ya mvua yanapaswa kudhibitiwa, lakini hapakuwa na mbinu moja iliyokubalika kitaifa ya kueleza mtaro fulani unachafua kwa kiasi gani. Taarifa zilizokuwepo zilitoka katika tafiti za miji mbalimbali zilizotumia mbinu tofauti za kuchota na kupima, kiasi kwamba kuulinganisha mji mmoja na mwingine kulikuwa ni kulinganisha vitu viwili visivyo vya jinsi moja.

3.0 Mpango wa NURP kama Shule ya Kwanza, 1978–1983

Jibu la EPA lilikuwa Mpango wa Taifa wa Maji ya Mvua Mijini, unaojulikana kwa kifupi chake cha NURP. Kati ya mwaka 1978 na 1983, miradi 28 iliendeshwa katika maeneo mbalimbali ya nchi, yakiwemo Bellevue katika jimbo la Washington, Denver, Milwaukee, Tampa na Baltimore. Zaidi ya matukio 2,300 ya mvua yalipimwa katika midomo 81 ya mitaro. Idara ya Jiolojia ya Marekani (USGS), yenye uzoefu wa miongo mingi wa kupima mito, ilishiriki katika baadhi ya miradi hiyo.

NURP hukumbukwa zaidi kwa matokeo yake. Ilionesha kwamba shaba, risasi na zinki ndizo zilizojitokeza zaidi kati ya vichafuzi vya sumu vilivyopewa kipaumbele, kwamba bakteria wa kinyesi walikuwa wengi, na kwamba ufagiaji wa barabara, uliotegemewa na miji mingi, kwa jumla haukupunguza uchafuzi kwa kiasi cha kuonekana. Kwa makala haya, umuhimu wake mkubwa uko kwingine. Ili miradi 28 iweze kusemezana, wapimaji wake walilazimika kwanza kufundishwa lugha moja. Lugha hiyo ilijengwa juu ya dhana ya wastani wa kiwango kwa tukio, ambao hupatikana kwa kugawa uzito wote wa kichafuzi uliobebwa katika mvua moja kwa ujazo wote wa maji yaliyotiririka katika mvua hiyo.

Dhana hiyo huonekana nyepesi, lakini ilibadili kazi ya mchota sampuli. Chupa moja iliyojazwa wakati wowote haikutosha tena. Mpimaji alipaswa kupima mtiririko tangu maji yalipoanza kupanda mtaroni hadi yaliposhuka, kuchota mara nyingi kwa uwiano wa mtiririko, na kuchanganya michoto hiyo ili kupata sampuli moja inayowakilisha mvua nzima. Asiyejua kupima kina na kasi ya maji hakuweza tena kupima uchafu wake. Hapo haidrolojia na kemia, taaluma zilizokuwa zikifundishwa katika vyumba tofauti, ziliwekwa katika mikono ya mtu mmoja.

Ugunduzi wa pili ulihusu uchambuzi. Ripoti ya mwisho ya Desemba 1983 ilionesha kwamba wastani huo, ukikusanywa kwa mvua nyingi katika eneo moja na kugeuzwa kuwa logi, hufuata kwa ukaribu mtawanyo wa kawaida. Maana yake ni kwamba mvua nyingi huwa na viwango vya chini au vya kadiri, na chache huwa na viwango vikubwa mno. Katika data za namna hiyo, wastani wa kawaida huvutwa juu na mvua hizo chache, na kipimo cha mvua mbili au tatu hakiwezi kuueleza mtaro. NURP kwa hiyo ilitumia mediani, yaani thamani ya katikati. Kwa eneo la mjini la kadiri, mediani ya chembe zilizoelea majini ilikuwa miligramu 100 kwa lita, na ile ya risasi mikrogramu 144 kwa lita.

Miradi ilipokwisha, lugha hiyo ilibaki katika ripoti na kwa wale waliokuwa wameshiriki. Mfumo wa kuirithisha kwa maelfu ya wapimaji ambao sheria ingewahitaji baadaye haukuwepo bado.

4.0 Kanuni za 1990 na Saa Sabini na Mbili

Mwaka 1987 Bunge liliirekebisha tena sheria na kuweka ratiba ya vibali vya maji ya mvua. Tarehe 16 Novemba 1990 EPA ilitangaza kanuni za awamu ya kwanza, zilizohusu mitaro ya manispaa zenye watu 100,000 au zaidi, na makundi kumi na moja ya shughuli za viwanda, likiwemo la maeneo ya ujenzi yenye ekari tano au zaidi. Awamu ya pili, iliyotangazwa tarehe 8 Desemba 1999, iliongeza miji midogo na ujenzi wa kuanzia ekari moja.

Kanuni za 1990 zilijaribu kumwelekeza mpimaji kwa maandishi. Mvua ya kupimwa ilipaswa kuzidi sehemu moja ya kumi ya inchi, yaani takribani milimita 2.5, na itanguliwe na saa 72 zisizo na mvua ya kiasi hicho. Mchoto mmoja ulipaswa kuchukuliwa ndani ya dakika 30 za mwanzo za mtiririko, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, ili kunasa mkumbo wa kwanza, yaani maji yanayosomba uchafu uliorundikana wakati wa kiangazi. Sampuli mchanganyiko ilipaswa kuwakilisha umwagaji wote au saa tatu za mwanzo. Manispaa zilitakiwa kupima kati ya midomo mitano na kumi ya mitaro, kwa mvua tatu zilizopishana kwa mwezi mmoja au zaidi. Julai 1992 EPA ilichapisha mwongozo mzima wa kuchota sampuli hizo.

Masharti hayo yakisomwa kwa jicho la mwanahistoria, yanaeleza mengi kuhusu mtu aliyedhaniwa kuwa atayatekeleza. Alipaswa kufuatilia utabiri wa hali ya hewa, kukesha akisubiri, kufika mtaroni katika nusu saa ya mwanzo, kutambua kwamba mafuta na grisi huchotwa kwa mkono katika chupa ya kioo kwa kuwa hung'ang'ania kuta za mipira ya mtambo, kutia asidi katika sampuli za metali, kuzihifadhi nyingine katika barafu, na kuzifikisha zile za bakteria maabara ndani ya saa chache kabla ya idadi ya bakteria kubadilika. Katika miji mikubwa kazi hiyo ilifanywa na wahandisi washauri wenye mitambo ya kujiendesha. Viwandani mara nyingi ilimwangukia mfanyakazi mwenye majukumu mengine, ambaye mvua ilipoanza aliacha shughuli yake na kutoka nje na chupa.

Matokeo ya utaratibu huo yalitathminiwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani katika ripoti iliyotolewa Oktoba 2008. Ripoti hiyo ilieleza kwamba ufuatiliaji uliofanywa na viwanda, uliotegemea zaidi michoto michache ya mkono, ulizalisha data zenye manufaa kidogo katika kukadiria uchafuzi au kutathmini mbinu za kuudhibiti. Fomu zilijazwa na ada za maabara zililipwa, lakini maswali ya msingi yalibaki palepale.

5.0 Mikono Safi na Mikono Michafu

Tatizo la mikono isiyofundishwa halikuishia viwandani. Mwaka 1991 Herbert Windom na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba data za metali zilizoyeyuka, zilizokusanywa na mtandao wa kitaifa wa vituo vya mito wa USGS, zilikuwa na viwango vya juu kuliko hali halisi ya mito ya pwani ya mashariki waliyoipima wao kwa uangalifu mkubwa zaidi. Sehemu ya metali iliyoripotiwa haikutoka mtoni, bali ilitokana na namna sampuli zilivyochotwa, kuchujwa na kushughulikiwa.

Tahadhari ya jambo hilo ilikuwa imetolewa zamani. Mwanajiokemia Clair Patterson wa Taasisi ya Teknolojia ya California alikuwa amekwisha kuonesha kwamba risasi iliyoenea katika vumbi, vyombo na mavazi ya maabara iliweza kuzidi risasi iliyomo katika sampuli ya maji ya bahari. Maarifa hayo yalikuwepo katika sayansi. Hayakuwa yamemfikia mtu aliyesimama mtoni na ndoo.

Safari hii marekebisho yalianza na mwili wa mpimaji. Mwaka 1994 USGS ilitoa itifaki mpya ya kuchota na kutayarisha sampuli za viwango vidogo vya metali, na katikati ya muongo huo EPA nayo ikachapisha utaratibu wake. Msingi wa mbinu hiyo ni mgawanyo wa kazi kati ya watu wawili wanaoitwa "mikono safi" na "mikono michafu." Chupa ya sampuli hufungwa katika mifuko miwili. Mikono michafu hushika vifaa, hupanga mitambo na kufungua mfuko wa nje. Mikono safi hufungua mfuko wa ndani na ndiyo pekee inayogusa chupa. Kinachoingia katika mchakato huo ni lazima pia kijaribiwe kwa sampuli tupu, yaani maji yasiyo na metali yanayopitishwa katika vifaa vilevile na kupelekwa maabara kana kwamba yametoka mtoni. Sampuli tupu ikirejea na zinki, zinki hiyo ni ya mpimaji.

Mbinu hiyo haijifunzwi vema kwa kusoma, bali kwa kutazama, kujaribu na kusahihishwa. Kwa sababu hiyo, mgogoro wa metali unastahili kuhesabiwa kuwa hatua muhimu katika historia hii: kuanzia hapo, chama na taasisi zilizotaka data zao ziaminike zililazimika kumhesabu mpimaji kuwa sehemu ya kipimo. Kwa upande mwingine, miaka ya vipimo ilipoteza thamani yake kwa swali la mwenendo wa metali, na mito haiwezi kurudishwa nyuma ili ipimwe upya.

6.0 Maana ya Alama ya "Chini ya"

Wakati mafunzo ya kuchota yakiimarika, mafunzo ya kuchambua yalikuwa na historia yake. Mwaka 1986 Robert Ward, Jim Loftis na Graham McBride walieleza hali waliyoiita ugonjwa wa kuwa na data nyingi na taarifa haba. Walidai kwamba programu za ufuatiliaji zilibuniwa kuanzia kwenye uchotaji, bila kubainisha mapema ni swali gani lingejibiwa na kwa mbinu ipi ya kitakwimu. Programu ya namna hiyo ni sawa na kuteka maji kwa pakacha: jitihada ni ya kweli, lakini kinachofika nyumbani ni kidogo.

Ugumu wa data za maji ni kwamba hazifanani na zile zinazofundishwa katika kozi za mwanzo za takwimu. Hazina ulinganifu, hubadilika kwa misimu, huwa na mapengo, na nyingi huwa na alama ya "chini ya." Mwaka 1982 Robert Hirsch na wenzake wa USGS walipendekeza jaribio la mwenendo linalozingatia misimu, ambalo halitegemei dhana ya mtawanyo wa kawaida. Mwaka 1992 Hirsch na Dennis Helsel walichapisha kitabu kuhusu mbinu za kitakwimu katika rasilimali za maji. Kitabu hicho kilianza kama maandishi ya kufundishia kozi katika Kituo cha Mafunzo cha Taifa cha USGS, jambo linalodhihirisha kwamba mojawapo ya marejeo makuu ya taaluma hii lilizaliwa darasani, mbele ya watumishi waliokuwa na data zao mikononi.

Mfano wa alama ya "chini ya" unaonesha uzito wa suala hili. Maabara inapopima risasi na kushindwa kuitofautisha na sifuri, hairipoti sifuri. Huripoti kwamba kiwango kiko chini ya ukomo wake wa ugunduzi. Wachambuzi wengi walizoea kuandika nusu ya ukomo huo na kuendelea na hesabu. Chukulia mto ambao risasi yake haikubadilika kwa miaka ishirini na daima iko chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Miaka ya mwanzo maabara ina ukomo wa mikrogramu 5, na mchambuzi huandika 2.5. Baadaye maabara hununua mtambo bora wenye ukomo wa mikrogramu 1, naye huandika 0.5. Grafu itaonesha kwamba uchafuzi umepungua mara tano. Meya atajipongeza, mradi utahesabiwa kuwa umefaulu, na hakuna kilichobadilika isipokuwa mtambo wa maabara.

Helsel alilifanyia kazi tatizo hili kwa miongo kadhaa, na mwaka 2005 akalitolea kitabu kizima. Suluhisho mojawapo alilolieneza lilitoka katika utafiti wa tiba. Edward Kaplan na Paul Meier walikuwa wamebuni mwaka 1958 njia ya kukadiria muda wa kuishi wa wagonjwa hata pale ambapo baadhi yao walikuwa bado hai utafiti ulipofungwa, yaani muda wao ulijulikana tu kuwa "zaidi ya" miaka fulani. Data za maji zenye alama ya "chini ya" ni kioo cha hali hiyo, na zikigeuzwa upande huweza kuchambuliwa kwa njia ileile bila kubuni tarakimu isiyokuwepo. Kuenea kwa lugha ya programu ya R, ambayo hutolewa bila malipo na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2000, kuliziweka mbinu hizo mezani kwa mtumishi wa manispaa ndogo. Kikwazo kilichobaki kilikuwa mafunzo.

Faida ya uchambuzi makini ilionekana pia pale data zilizotawanyika zilipounganishwa. Kuanzia mwaka 2001 Robert Pitt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama walikusanya matokeo ya vibali vya manispaa katika hifadhidata moja ya kitaifa, iliyofikia zaidi ya matukio 3,700 ya mvua. Mediani ya risasi ndani yake ilikuwa chini ya mikrogramu 20 kwa lita, ikilinganishwa na 144 ya NURP. Kati ya vipindi hivyo viwili petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa hatua kwa hatua, na kuanzia Januari 1996 uuzaji wake kwa magari ya barabarani ulipigwa marufuku kabisa. Vipimo vilivyofanywa kwa ajili ya kutimiza masharti ya kibali viliweza, vilipopata wachambuzi, kutoa ushahidi unaoafikiana na mafanikio ya sera ya kitaifa.

7.0 Tarakimu kama Shahidi, na Ujio wa Vyeti

Katika karne ya ishirini na moja data hizo ziliingia kizimbani. Kaunti ya Los Angeles na wilaya yake ya kudhibiti mafuriko zilikuwa na vituo vya kupimia katika mito ya Los Angeles na San Gabriel, kama kibali kilivyotaka. Vipimo vilionesha mara kwa mara viwango vilivyozidi ukomo. Mwaka 2008 NRDC na wenzake walifungua shauri. Utetezi ulidai kwamba maji yanayofika katika kituo hutoka katika miji mingi, hivyo tarakimu za kituo hazimtaji mkosaji. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo Januari 2013 iliamua hoja finyu kuhusu maji yanayopita ndani ya mto uleule. Lakini Agosti mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya tisa ilishikilia kwamba, kwa kuwa kibali chenyewe kilivitaja vipimo hivyo kuwa njia ya kubaini utekelezaji, vilitosha kuthibitisha ukiukaji. Kipimo kilichochukuliwa kwa utaratibu wa kila msimu kiligeuka kuwa shahidi asiyeweza kuhojiwa upya.

Katika mazingira hayo, jimbo la California liliingiza sifa za mtaalamu ndani ya masharti ya vibali. Kibali cha jumla cha ujenzi kilichopitishwa tarehe 2 Septemba 2009 kiliweka daraja mbili za wataalamu, mmoja wa kubuni mpango wa kuzuia uchafuzi na mwingine wa kuutekeleza, na kuwataka wawe wamepata mafunzo maalumu ifikapo Septemba 2011. Kibali cha viwanda kilichopitishwa tarehe 1 Aprili 2014 na kuanza kutumika Julai 2015 kiliongeza mtaalamu wa viwandani.

Hatua hiyo ilikuwa kubwa, lakini muundo wake unastahili kuangaliwa. Katika kibali cha viwanda, mtaalamu mwenye sifa huhitajika hasa pale ambapo matokeo ya kiwanda yamekwisha kuvuka viwango vilivyowekwa. Kwa maneno mengine, uamuzi wa kumwita aliyefundishwa hutegemea tarakimu ambazo huenda zilichotwa na asiye na sifa hizo. Mfuatano uleule wa 1972 unajirudia hapa katika umbo dogo: kwanza sharti, kisha kipimo, kisha mafunzo.

Tukio la kufungia kipindi hiki lilitokea katika vijito vya Puget Sound, jimbo la Washington. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ilionekana kwamba samaki aina ya samoni wa coho waliorejea katika vijito vya mjini vilivyokarabatiwa walikufa baada ya mvua, kabla ya kutaga mayai. Orodha ya kawaida ya vichafuzi haikueleza vifo hivyo. Desemba 2020 timu iliyomhusisha Edward Kolodziej wa Chuo Kikuu cha Washington na Jenifer McIntyre wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington ilitangaza katika jarida la Science kwamba chanzo ni kemikali inayotokana na 6PPD, kihifadhi cha matairi, inapokutana na ozoni. Kemikali hiyo haikuwa katika fomu yoyote ya kibali. Iligunduliwa na watu waliojua kuchota maji ya mvua, kuyatenganisha kikemia na kuyalinganisha na kifo cha samaki mbele yao.

8.0 Hitimisho

Historia iliyochunguzwa inaonesha mfuatano unaojirudia. Sheria ya 1972 ilitangulia lugha ya kupimia, ambayo NURP iliijenga baadaye. Kanuni za 1990 zilizalisha vipimo vingi kabla ya wapimaji kuandaliwa, na tathmini ya 2008 ikaeleza hasara yake. Itifaki ya mikono safi ilikuja baada ya data za metali kupoteza imani, na mbinu za alama ya "chini ya" zilienezwa baada ya miaka mingi ya kuandika nusu ya ukomo. Katika hatua zote hizo, mafunzo yalikuwa tiba ya kosa lililokwisha kufanyika. Aidha, mafanikio makubwa yalipatikana pale uchotaji na uchambuzi vilipofundishwa kwa pamoja, kama ilivyokuwa katika NURP, katika darasa la USGS na katika vijito vya Puget Sound.

Kwa watafiti wa Afrika Mashariki, historia hii inatoa tahadhari mahususi. Kitabu cha Helsel na Hirsch hupatikana bila malipo, na lugha ya R pia. Mbinu hizo za uchambuzi husafiri bila kupoteza maana. Kanuni za uwandani hazisafiri kwa wepesi huo. Sharti la saa 72 bila mvua linadhania hali ya hewa ambamo mvua huja na kuondoka kwa nafasi. Katika masika ya Dar es Salaam, ambapo mvua huweza kunyesha siku baada ya siku, sharti hilo likinukuliwa neno kwa neno linaweza kuiacha nje ya vipimo sehemu kubwa ya maji yanayoingia Mto Msimbazi kwa mwaka, na kubakiza mvua za mwanzo wa msimu pekee. Saa chache za kuhifadhi sampuli ya bakteria nazo zinapaswa kupangwa kwa kuzingatia foleni ya barabara iliyojaa maji. Mambo haya hayatatuliwi na kununua mtambo. Yanahitaji mtu aliyefundishwa kujua kwa nini kanuni iliwekwa, ili ajue ni sehemu gani yake ibaki na ipi ibadilishwe, na aliyefundishwa hivyo kabla ya msimu wa kwanza wa vipimo kuanza.